Jumamosi ya Kwanza

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla bukari haijasongwa,
navua turubai polepole, nalikunja kwa ndani
ili vumbi jekundu la Katuba libaki humo,
lisiikwaruze rangi.
Ni Pijo ya milango miwili, rangi ya asali iliyokaa,
imezaliwa mwaka mmoja na kaka yangu Mumba.
Mumba ana mvi kichwa kizima.
Yenyewe ina kutu chini ya mlango wa kushoto, basi.

Kwanza pua. Ndivyo alivyonifundisha baba:
usiguse kitu, nusa.
Petroli iliyolala hunuka kama rangi ya ukuta.
Hiyo ivute kwa mpira, mpe Kapend kwa jenereta yake.
Mkojo wa panya hunuka mkojo wa panya.
Mwezi wa nne nilitoa kwenye chujio la hewa
kiota kizima: pamba ya godoro, maganda ya karanga,
na kipande cha risiti ya jeneza la mama.
Sikumwambia.

Kisha bateri, iliyolala ndani ya nyumba juu ya ubao
kama mgeni asiyetakiwa kukanyaga sakafu baridi.
Naijaza maji hadi mstari,
vichwa vyake navisugua kwa magadi, napaka grisi.
Tairi nazipa robo mzunguko,
maana tairi ikisimamia mahali pamoja
inaota ubapa, na ubapa huo utausikia makalioni
hadi Kipushi.

Baba yuko dirishani.
Sukari ilimla mguu wa kulia, mwaka wa tatu huu,
"ule ule wa kukanyagia mafuta," husema akicheka,
na wageni wanatafuta pa kuweka macho.
Masikio hayakuguswa.
Stata inakohoa mara mbili. Ya tatu, injini inaitika.
"Silinda ya tatu," anasema. "Toa bujii yake."
Naitoa: nyeusi, imelowa.
Sijui anaisikiaje. Mimi nasikia kelele tu,
kelele nzuri.

Mumba anapiga simu toka Kolwezi:
iuzeni, kuna mtu wa migodi anazipenda za zamani,
motokari ya kukaa ni deni lenye magurudumu.
Simjibu. Natazama kijiti cha oili.
Haijatembea hata kilomita mia tatu kwa mwaka
na bado lazima niimwage.
Oili huzeeka hata isipofanya kazi.
Baba, aliyeagwa na kampuni ya shaba kwa bahasha moja,
hahitaji kusomewa sheria hiyo.

Saa nne tunatoka, mimi na kiti kitupu,
barabara ya Kipushi, kilomita ishirini, zisipungue:
chini ya hapo eksozi haikauki,
maji yanabaki tumboni mwake yakila chuma.
Wanaume wa makala wanasimamisha baiskeli zao,
magunia marefu kuliko wao, watazame.
Mmoja anapiga saluti.
Gia ya nne. Kioo chini. Vichuguu vinakimbia kurudi mjini.
Hapo hata sikumbuki kwamba natunza kitu.

Kurudi ndiko kwenye aibu.
Gia ya nyuma imekufa. Meno yake hayapatikani hapa wala Ndola.
Niliamini niliiua mimi, siku ya kwanza kuachiwa funguo,
na miaka yote hii nimeficha:
nazima injini langoni, naongeza sauti ya redio,
namwita Kyola wa jirani na wadogo zake,
tunaisukuma kinyumenyume hadi mwisho wa lupango
kwa malipo ya mikate miwili.

Leo, nikiweka tofali nyuma ya tairi
(breki ya mkono haikazwi msimu wa mvua, itaganda),
redio ikakatika pamoja na umeme,
na dirisha likasema:
"Ngosa. Wape watoto mikate mitatu, wamekua.
Hiyo gia niliivunja mimi,
wiki moja kabla ya kupelekwa Sendwe.
Mama yako alikuwa kando yangu, anacheka.
Tuliapa tusikuambie."